Daktari wa Miaka Kumi na Mmoja

Jumanne alasiri, daktari wa meno Kuang Peiyun alisimama chini ya ngazi za umeme kwenye uwanja wa ndege wa Winnipeg, Kanada, ameshika koti zito la kiume. Baba yake alikuwa akitoka Taishan, kusini mwa China, ambako mwezi wa Machi watu hujipepea, na nje ya ukumbi ule theluji ilikuwa bado inafika magotini. Peiyun alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alikuwa amevaa suruali nyeusi ya kazini, viatu vya kisigino kifupi na miwani. Mzee alishuka amesimama wima kama mtu anayekagua gwaride, begi moja begani, na Peiyun alipomwona alisema kwa lugha ya kwao, "Baba," akawa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Suruali ilimtoka. Akaidaka kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamnyooshea mzee koti. Miwani ilikuwa imemshukia hadi ncha ya pua.

Mzee Kuang Zhaoming, fundi mkuu mstaafu wa kiwanda cha koki za maji, alimtazama juu mpaka chini.

"Umekonda," akasema. "Huli?"

"Nakula, Baba."

"Nguo za nani hizo?"

"Zangu."

"Ni kubwa."

Wakasogea pembeni kuwapisha watu wenye mizigo. Peiyun akanyamaza, kwa sababu alijua dawa yake ni hiyo tu. Akinyamaza, baada ya muda wa birika kuchemka, umri wake humrudia wote, na mgongo unaomuuma nao hurudi.

Jambo lenyewe halikuwa geni kwake. Alipoondoka Taishan alikuwa na miaka hiyo kumi na mmoja. Alifikia kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba, mjane asiye na mtoto aliyekuwa na mkahawa katika mji mdogo kando ya barabara kuu ya magharibi. Jioni ya kwanza shangazi alimwekea sahani ya wali na kumwambia kwamba ndani ya nyumba ile lugha ya kwao haitazungumzwa, maana hainunuliwi na mtu. Basi Kiingereza kikakua pamoja na Peiyun. Kikaenda sekondari, kikaenda chuo kikuu, kikapata leseni ya udaktari, kikajifunza kugombana na watu wa bima. Kitaishan kilibaki kimekaa palepale kilipoachwa, miguu haifiki sakafuni. Kila mwaka mpya alipompigia mama yake simu, shangazi alikuwa akimletea sweta dogo bila kuulizwa, kisha anarudi jikoni.

Sasa shangazi alikuwa amekufa miaka mingi, na mama naye alikuwa amekufa vuli iliyopita. Baada ya mazishi nyumba ya Taishan ilikaa kimya mno, na mzee akatoa habari kwamba anakuja kumtembelea. Peiyun alikuwa na swali moja la kumuuliza. Alikuwa nalo tangu jioni ile ya wali.

Ndani ya gari mzee alitaka kujua bei ya nyumba, kwa nini miti haina majani, na kama kweli watu hawa hunywa maji baridi wakati wa baridi. Peiyun aliendesha bila kujibu. Mzee akahitimisha kwamba ugenini kumempa majivuno. Walipofika kwenye taa za darajani aliuliza kama mto umeganda hadi chini, na Peiyun akajisahau.

"Hadi chini kabisa, Baba," akasema, na miguu yake ikaachana na pedali.

Taa ikawa ya kijani, ikawa nyekundu, ikawa ya kijani tena. Magari ya nyuma yakapiga honi. Askari wa barabarani akaja, akainama dirishani, akaangalia leseni, akamwangalia Peiyun aliyekuwa anachungulia chini ya usukani. Peiyun akamweleza kwa Kiingereza cha mtu mzima, katika sauti ya mtoto, kwamba huyu ni baba yake na amefika leo.

Askari alisema mwezi uliopita alimsimamisha mwenye duka moja la matairi aliyekuwa anaongea na mama yake kwenye kipaza sauti cha simu, akamkuta ananyonya kidole.

"Ukitaka kuongea na mzazi, egesha kwanza," akasema. "Ni kama simu tu." Akawasimamishia magari mengine mpaka dereva alipokua.

Nyumbani mambo yalijipanga yenyewe. Mzee alikuwa na haya mbele ya Peiyun mtu mzima. Akimkuta asubuhi sebuleni na koti lake la kazi, ameshika kikombe cha kahawa, alikuwa akimsalimia kwa kichwa kama mtu anavyomsalimia meneja wa benki, na kumpisha mlangoni. Lakini huyu wa miaka kumi na mmoja alikuwa anamfahamu. Alimmenyea machungwa. Alimwambia akaoshe miguu. Alimkatazia kulala na nywele mbichi. Alikuwa amemletea kutoka Taishan viatu vyekundu vya vitambaa, na vilimwenea. Peiyun aligundua kwamba mzee alikuwa akimchokoza kwa maswali kusudi, ili ajibu.

"Hiki mnakiitaje?" mzee aliuliza ndani ya duka la mvinyo, akionyesha chupa.

Peiyun akajibu, na muuzaji akakataa kumuuzia. Alisema hata kama kitambulisho ni chake, yeye anauza kwa anayemwona.

Siku nyingine mama mmoja aliyekuwa akipita na mbwa alimsimamisha njiani na kumuuliza kwa nini hayuko shuleni. Peiyun alimjibu kwamba alimaliza shule zamani na kwamba, kwa jinsi anavyomwona akiongea, jino lake la juu kulia linahitaji kuangaliwa. Yule mama alimshukuru na kuomba kadi.

Ugumu ulikuwa swali. Kwa Kiingereza Peiyun alikuwa amelipanga vizuri, lina aya tatu, na lilikuwa na maneno ambayo mwanasaikolojia wake alimsifia. Lakini kwa lugha ya kwao alikuwa na maneno ya mtoto tu: nataka, sitaki, mbaya, kwa nini, nina njaa. Kila alipojaribu kuanza, mzee alisikia mtoto anayenung'unika, akamtilia wali zaidi.

Akajaribu ile mashine ya kutafsiri iliyomo ndani ya simu. Mashine haikujua Kitaishan, ilijua Kichina cha Beijing, ambacho mzee alikisikia kwa shida kama mtu asikiavyo tangazo la kituo cha treni. Peiyun akaongea Kiingereza, akiwa mtu mzima, polepole: kwa nini uliniacha?

Mashine ikatafsiri. Mzee akafikiri sana, kisha akajibu, na mashine ikasema kwa sauti ya mwanamke mchangamfu: "Sijawahi kukuacha kituoni. Mimi sina gari."

Wakaiweka mezani, wakala.

Kilichomkera zaidi Peiyun ni jirani. Bwana Hnatiuk, mjane wa nyumba ya pili, alikuwa na koki ya jikoni iliyodondosha maji tangu mkewe akiwa hai. Mzee aliisikia kupitia ukuta wa gereji, akachukua bisibisi, akavuka theluji, akaitengeneza bila kuombwa. Tangu siku hiyo wazee wale wawili walikaa kila mchana jikoni kwa Hnatiuk wakinywa chai na kuongea, mmoja Kitaishan, mwingine Kiingereza kilichochanganyika na Kiukraine. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja na walielewana mpaka kwenye mizaha. Mzee alirudi jioni moja akiwa anajua kwamba mke wa Hnatiuk aliimba kanisani, kwamba mtoto wao wa kiume hapigi simu, na kwamba serikali ya mji inaiba chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani.

"Amekwambiaje hayo yote, Baba?" Peiyun aliuliza, akipungua.

"Alisema tu," mzee akajibu. "Ni mtu anayesema wazi. Si kama watu wengine."

Wiki ya tatu mzee akaacha kula machungwa. Kisha akaacha wali, akawa anakunywa uji tu, tena kwa upande mmoja wa kinywa. Peiyun alimtazama kwa jicho la kazi na kumshika shavu. Mzee akaruka. Alikuwa na gego lililooza, na usaha ulikuwa umeshaanza. Mzee akasema si kitu, ni upepo. Alikuwa ameishi na upepo huo tangu mazishi.

Kesho yake Peiyun akampeleka kwenye kliniki yake. Alikuwa na msaidizi aitwaye Marivic, mama wa Kifilipino aliyefanya naye kazi miaka mingi. Mpango ulikuwa rahisi: daktari asitamke neno la kwao mpaka jino litoke. Marivic angetumia ishara. Marivic alionyesha mdomo wazi. Alionyesha sindano. Alionyesha jino linang'oka, kwa ufundi kiasi kwamba mgonjwa mwingine ukumbini aliahirisha.

Mzee alijilaza kitini, akafunga mdomo, akafunga na mikono kifuani. Akasema hafungui mpaka binti yake amwambie yeye mwenyewe ni nini kinafanyika. Hata kiwandani, alisema, hakuna fundi aliyefungua bomba kabla ya kumweleza kwanza.

Peiyun alisubiri. Mzee alisubiri. Wagonjwa wengine watatu pia walikuwa wanasubiri. Mwishowe daktari akavuta pumzi ndani ya barakoa.

Neno la mzizi wa jino hakulijua. Neno la usaha alilisahau. Akasema alilokuwa nalo.

"Baba, kuna mdudu kwenye jino. Nitamtoa."

Glavu zikamlegea. Barakoa ikampanda hadi machoni. Marivic, bila kuinua uso kutoka kwenye trei, alisukuma kwa mguu kile kigoda ambacho watoto hukanyaga wakiosha mikono, akampa glavu za saizi ndogo kabisa, akamkunjia mikono ya koti. Alisema hilo si neno. Yeye mwenyewe akiongea na mama yake kwa simu hutokwa na chunusi usoni, na kesho yake anakuja nazo kazini, mbona hakuna anayemuuliza.

Mzee alimwona binti yake wa miaka kumi na mmoja amesimama juu ya kigoda na sindano mkononi. Akatulia. Akafungua mdomo.

Mikono ya Peiyun ilikuwa midogo lakini ilikuwa na ujuzi wote. Kuna wagonjwa waliosema baadaye kwamba ingefaa iwe hivyo kila siku, maana inaingia vizuri. Akapiga ganzi mahali patatu. Akajaza pamba kwenye shavu. Sasa ilibidi wangoje ganzi ishike, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege, mzee hakuweza kumwambia ale wala aoshe miguu.

Peiyun akaona nafasi. Zile aya tatu hazikuja. Yalikuja maneno ya mtoto, na yakatosha.

"Baba. Ulisema ni likizo."

Mzee akageuza macho.

"Ulisema nikae kwa shangazi mpaka mvua ziishe, kisha unakuja kunichukua. Nilifunga mzigo. Mvua ziliisha. Nikafunga mzigo tena. Kwa nini hukuja?"

Mzee akasema jambo. Kwa mtu mwingine yeyote ingekuwa ni mvumo wa mate na pamba, lakini Peiyun alikuwa amesikiliza vinywa vilivyojaa pamba maisha yake yote ya kazi, na ganzi haina lugha. Alisikia kila neno.

"Kama ningekwambia," mzee alisema, "usingepanda ndege."

"Kwa nini nilitakiwa nipande?"

Mzee aliitazama taa. Akaeleza yote, taratibu, udenda ukimtoka upande mmoja na Marivic akiupangusa. Mama yake alikuwa na mimba. Mganga wa kijijini alikuwa amemshika tumbo akasema ni mvulana. Kiwanda kilikuwa cha serikali na mfanyakazi aliruhusiwa mtoto mmoja. Wa pili angemfukuzisha kazi, na nyumba ilikuwa ya kiwanda. Dada yake wa Kanada hakuwa na mtoto. Basi akaenda ofisini akasema Peiyun si wake, ni wa dada yake, alikuwa anamlelea tu, na sasa mwenyewe amemtaka. Waliamini. Msimamizi alimsifu kwa moyo wake wa kulea. Kaka-mtu—hapa mzee akajisahihisha, mdogo-mtu—akazaliwa miezi michache baadaye.

Kwamba ana mdogo wa kiume, Peiyun alikuwa akijua, shangazi alimwambia. Kwamba yeye mwenyewe si mtoto wa baba yake, hakuna aliyewahi kumwambia.

"Kwa hiyo mimi ni nani?" akauliza.

Mzee alifikiri.

"Kwa ofisi, wewe ni mpwa wangu," akasema.

"Na ofisi ikishafungwa?"

Mzee akainua kidole kuonyesha kwamba shavu lote limekufa ganzi sasa, kazi iendelee.

Peiyun angeweza kushuka kwenye kigoda. Angeweza kumwita mwenzake wa chumba cha pili, mtu mwenye mikono mizito. Badala yake akachukua koleo. Gego lilikuwa na mizizi mitatu iliyopinda na lilikataa kwa muda, na kwa uzito ule wa mtoto alilazimika kuegemeza goti lake kwenye mkono wa kiti. Machozi yalimtoka akiwa anavuta, lakini hakulegeza koleo. Jino likatoka zima. Akamwonyesha baba yake.

"Mdudu yuko wapi?" mzee akauliza kupitia pamba.

"Ametoka."

"Hakuniumiza," mzee alisema kwa mshangao mdogo, na hilo ndilo jambo pekee lililomshangaza katika safari ile nzima. Akamshika Peiyun kichwani, akaiacha mikono yake hapo. "Sukutua" lilikuwa ni neno ambalo Peiyun hakuwa nalo, kwa hiyo akampa kikombe na kumwambia ateme.

Njiani kurudi hawakuongea, maana alikuwa anaendesha.

Jioni mzee alikuwa amevimba shavu lakini amechangamka. Aliketi meza ya jikoni, akaisimamisha simu kwenye mtungi wa sukari, akampigia mwanawe Jiarong, aliyekuwa Shenzhen, ambako ilikuwa asubuhi. Jiarong alionekana kwenye kioo amevaa tai, anakula andazi la mvuke amesimama. Alikuwa kijana mwenye uso mzuri. Alikuwa na nyusi za mama. Akauliza shavu limefanya nini.

Mzee alisema limeng'olewa jino. Kuna daktari mmoja huku, alisema, mkono wake mwepesi ajabu, hata huko Guangzhou hakuna kama yeye.

"Asante Mungu," Jiarong alisema. "Ni ghali?"

"Hakutaka kitu."

Peiyun alikuwa kwenye sinki, anaosha mchele. Mzee alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena. Kisha akamwita, "Njoo usalimie." Peiyun akajibu "Naam, Baba," na kwa sababu alikuwa amejibu, aliyefika mbele ya simu alikuwa ni msichana aliyevaa shati lililomfika magotini na viatu vyekundu vya vitambaa.

Simu haikuwa imeshika lile "Baba". Maji yalikuwa yanamwagika.

"Huyu ni nani?" Jiarong akauliza.

Peiyun alikuwa na neno. Lilikuwa neno jepesi, watoto wa miaka mitatu wanalo: dada. Angeweza kulisema mwenyewe. Lakini alikuwa amelingoja kutoka kwa mtu mwingine muda mrefu sana, akaona angoje kidogo zaidi. Mzee alishika shavu lake. Akaisogeza simu kidogo kushoto, kisha akairudisha ilipokuwa.

"Huyu ni binamu yako," akasema. "Yule wa marehemu shangazi yako."

"Aa," Jiarong akasema, akitafuna. "Nilidhani ni mkubwa. Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo," Peiyun akasema.

"Unamtunza vizuri baba yangu?"

"Namtunza."

"Ana haya," mzee akaingilia. "Lakini ana akili."

Jiarong akaangalia saa yake, akachukua mkoba. Alikuwa mtu mwema, na hakupenda kuondoka bila kumwachia mtoto neno la kumfaa. Akainama karibu na kioo, nyusi za mama zikajaa simu yote.

"Soma kwa bidii, sawa?" akasema. "Usicheze. Baba yangu anasema huko kuna daktari hodari wa meno. Wewe nawe ukisoma, siku moja unaweza kuwa kama yeye."

Mzee alikuwa anaangalia koki ya sinki.

"Ndiyo, kaka," Peiyun akasema.